Nani anaona taarifa zangu nikijiandikisha kupiga kura Uingereza?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, niko England kwa viza ya kazi, huu ni mwaka wa pili. Tumepanga nyumba moja watu wanne. Imekuja barua ya halmashauri inayotaka majina na uraia wa wanaoishi hapa, kwa ajili ya uchaguzi. Mmoja wetu anasema tuitupe, majina yatafika uhamiaji. Mwingine anasema halmashauri inayauza kwa kampuni. Mimi hata sikujua kama naruhusiwa kupiga kura huku. Naomba unieleze: wakishapata taarifa zangu wanazipeleka wapi, nani anaziona, na mimi nina haki gani?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Barua hiyo msiitupe. Nimetanguliza hilo kwa sababu asiyejibu fomu ya nyumba anaweza kupigwa faini ya hadi pauni 1,000, na anayetoa taarifa za uongo kwa Afisa Mwandikishaji, yaani anayeandikisha wapiga kura wa eneo lenu, anaweza kufungwa hadi miezi sita au kupigwa faini isiyo na ukomo. Afisa hakimbilii mahakamani kwa kila bahasha iliyotupwa. Atatuma ukumbusho, kisha atatuma mtu kuja kugonga mlango. Lakini uwezo huo sheria imempa, na ninyi hamna sababu ya kumlazimisha autumie.

La pili ni jema. Unaruhusiwa kupiga kura. Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, na raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza akiwa na ruhusa halali ya kuingia au kukaa, ya aina yoyote ile, ana haki ya kujiandikisha na kuwachagua madiwani na hata wabunge. Huhitaji kusubiri makazi ya kudumu wala uraia. Ndivyo ilivyo pia kwa Mkenya na Mganda, na kwa Mnyarwanda tangu nchi yake ijiunge mwaka 2009. Mrundi na Mkongomani hawamo, hata kama mnalala nyumba moja na kufanya kazi zamu moja, mpaka wapate uraia unaowapa haki hiyo. Kwa hiyo swali la uraia kwenye fomu halikuwekwa kwa udadisi. Ndilo linaloamua nani aandikwe na nani asiandikwe. Na isome fomu vizuri: haitaki orodha ya kila anayelala humo, inataka wenye haki ya kuandikishwa, kuanzia umri wa miaka 16.

Sasa tufuate safari ya taarifa zako, maana hofu nyingi zinatokana na kutojua ziko mikononi mwa nani.

Kule nyumbani umezoea daftari moja la nchi nzima, lililo chini ya Tume, na tangu mwaka 2015 mtu anapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. England ni tofauti kabisa. Hakuna daftari moja la taifa. Kila halmashauri ya eneo huteua Afisa Mwandikishaji, naye hutunza daftari la eneo lake. Hachukui alama za vidole, na kujiandikisha tu hakuhitaji picha. Kwa sheria ya kulinda taarifa binafsi, mwenye dhamana ya taarifa zako ni afisa huyo kwa wadhifa wake, si halmashauri nzima. Jambo hili watu hulipita haraka, nami naliona kubwa sana: ndilo linalomzuia karani wa idara ya nyumba au wa maegesho ya magari kufungua faili lako la mpiga kura kwa sababu tu yeye na afisa huyo wanalipwa mshahara na mwajiri mmoja. Halmashauri hupewa nakala ya daftari kamili, lakini inaruhusiwa kuitumia kwa kazi zake za kisheria zinazohusu usalama, utekelezaji wa sheria na kuzuia uhalifu. Haiwezi kuitumia kukutumia matangazo ya huduma zake.

Kwa upande wa kuingiza taarifa, mlango ni mpana zaidi. Afisa Mwandikishaji ana ruhusa ya kisheria kukagua kumbukumbu nyingine za halmashauri, mathalani za kodi ya halmashauri, ili ajue nani anaishi wapi. Vilevile kila mwaka majina yaliyomo kwenye daftari lake hulinganishwa na kumbukumbu za Wizara ya Kazi na Pensheni. Nyumba ambayo majina yote yamelingana hupata barua ya kuarifiwa tu, na kama hakuna kilichobadilika haina haja ya kujibu. Nyumba ambayo mambo hayalingani huulizwa, na ikikaa kimya hufuatwa tena. Nyumba ya kupanga ambayo watu wanaingia na kutoka kila baada ya miezi michache huangukia kundi hili la pili karibu kila mwaka. Barua yenu haimaanishi kwamba kuna mtu anawashuku.

Hiyo fomu ya nyumba, hata mkiijaza yote, haikuandikishi. Inamwambia afisa kwamba hapa pana watu wenye haki. Baada ya hapo kila mmoja hualikwa kujiandikisha mwenyewe, kwa mtandao au kwa karatasi. Zamani haikuwa hivyo. Mpaka mwaka 2014 mtu mmoja ndani ya nyumba ndiye aliyewaandikisha wote, na mara nyingi alikuwa mwanamume wa nyumba au mwenye mkataba wa pango. Mabadiliko yale yalielezwa kuwa ni ya kuzuia udanganyifu, na ni kweli, lakini mimi nayapenda kwa sababu nyingine: sasa tarehe yako ya kuzaliwa na namba yako ya bima ya taifa (National Insurance) unaziandika wewe mwenyewe, na mwenzako hana sababu ya kuziona. Kwa hiyo yule anayejaza fomu ya nyumba akikuambia, "Nipe na namba yako ya bima niimalize kabisa," mwambie hapana. Fomu ya nyumba haiihitaji.

Ukijiandikisha, utatoa jina, anwani, anwani ya awali kama ulihama karibuni, uraia, tarehe ya kuzaliwa na namba ya bima ya taifa. Jina, tarehe na namba hupita kwenye mfumo wa serikali hadi Wizara ya Kazi na Pensheni, hulinganishwa na kumbukumbu zao, na jibu hurudi kwa afisa wa eneo lako. Vikilingana, unaingia kwenye daftari. Visipolingana, utaombwa nyaraka kama pasipoti. Kwa Waswahili hili hutokea mara nyingi kwa sababu ya majina: kwenye namba ya bima uliandikwa majina mawili, kwenye pasipoti yako matatu, na la babu likahesabiwa kuwa la ukoo. Usishtuke, peleka nyaraka.

Na katika yote hayo uliyotoa, daftari lenyewe linaonyesha nini? Jina lako, anwani yako na namba yako ya mpiga kura. Basi. Tarehe ya kuzaliwa haichapishwi, isipokuwa kwa kijana ambaye bado hajatimiza miaka 18, ambaye huonyeshwa siku atakayoanza kuruhusiwa kupiga kura. Namba ya bima haichapishwi. Uraia wako pia haupo. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya wanaoruhusiwa chaguzi za madiwani peke yake huwekewa herufi pembeni ya jina, ili msimamizi wa kituo ajue awape karatasi ipi. Mtu wa Jumuiya ya Madola hana herufi yoyote, kwa sababu haki yake ya kupiga kura ni sawa na ya Mwingereza. Mtu akilisoma daftari la mtaa wenu hataona palipoandikwa kwamba wewe ni Mtanzania.

Hapo ndipo penye jambo ambalo ningetaka ulishike kuliko mengine. Kile afisa anachokijua kukuhusu, na kile daftari linachokionyesha, ni vitu viwili. Na daftari nalo lina sura mbili.

Sura ya kwanza ni daftari kamili. Humo kila mwenye haki yumo, na sheria imetaja wanaoweza kulipata na kwa kazi gani. Wagombea, vyama na wawakilishi waliochaguliwa hulipata kwa shughuli za uchaguzi. Polisi hulipata. Mahakama hulitumia kuita wazee wa baraza la mahakama, na hili litakushangaza: ukishakuwa kwenye daftari, na ukafikisha walau miaka mitano ya kuishi Uingereza, unaweza kuitwa hata kama hujawa raia. (Ndiyo maana fomu inauliza kama kuna mtu wa miaka 76 au zaidi. Aliyefika umri huo haitwi tena.) Kampuni za taarifa za mikopo hulinunua ili kuthibitisha kwamba anayeomba mkopo anaishi anapodai kuishi, na kwa ukaguzi wa utakatishaji wa fedha. Maktaba ya taifa hupewa nakala, na daftari kamili likishapita miaka 10 watafiti wanaweza kulitumia. Anayelitumia daftari kamili kinyume na ruhusa aliyopewa anatenda kosa la jinai, na faini yake haina ukomo.

Vilevile mtu yeyote, akiwemo mwenye nyumba wenu, anaweza kwenda ofisini kulitazama daftari kamili, mbele ya mtumishi. Anaruhusiwa kuandika kwa mkono tu. Hapigi picha, hatoi nakala. Nalo limepangwa kwa mitaa na namba za nyumba, si kwa majina ya watu, kwa hiyo anayekutafuta bila kujua unaishi wapi atafunua kurasa mpaka achoke.

Sura ya pili ni daftari la wazi, na hapa mwenzenu aliyesema majina yanauzwa ana haki yake. Daftari la wazi ni dondoo la lile kamili, na yeyote mwenye fedha anaweza kulinunua: kampuni ya matangazo, tovuti za kutafuta watu, mkusanya madeni, mtu baki. Bei imewekwa na kanuni, pauni 20 pamoja na pauni 1.50 kwa kila majina 1,000 kwa nakala ya kompyuta. Piga hesabu mwenyewe: eneo lenye wapiga kura 100,000 ni pauni 170. Halmashauri haitajiriki kwa fedha hiyo. Anayefaidika ni mnunuzi.

Usipofanya lolote, jina lako linaingia kwenye daftari la wazi. Hilo ndilo linalonikera, na nimelisema kila niliposikilizwa. Mtu anayeomba haki ya kupiga kura asingepaswa kuwekwa sokoni kwa sababu tu hakuona kisanduku kimoja chini ya fomu. Hata hivyo, kujitoa ni rahisi. Kwenye maombi kuna sehemu inayouliza kama unataka jina lako liwemo kwenye daftari la wazi, nawe unakataa. Kama ulishajiandikisha na hukukataa, mwandikie Afisa Mwandikishaji wakati wowote kwa barua au barua pepe, taja jina na anwani, sema hutaki kuwemo kwenye daftari la wazi. Huna haja ya kueleza sababu. Kitakachokusumbua ni nakala zilizokwisha kuuzwa, maana afisa hana uwezo wa kuzirudisha. Kwa hizo itabidi umwandikie kila aliyekuchapisha, umtake akuondoe. Kwa hiyo kataa mapema, siku ile ile ya kujiandikisha.

Watu wengi wanaogopa kwamba wakijitoa hapo watakosa mkopo au mkataba wa simu. Si kweli. Kampuni za mikopo zinatumia daftari kamili, ambalo bado umo. Kujitoa kwenye daftari la wazi hakugusi mkopo wako, wala haki yako ya kupiga kura.

Mgawanyo huu wa daftari kamili na la wazi haukutoka kwa hisani ya serikali. Mhasibu mmoja mstaafu wa Yorkshire, Brian Robertson, aliona jina lake likiuzwa kwa kampuni za matangazo bila yeye kuwa na njia ya kukataa. Akakataa kujiandikisha mpaka ahakikishiwe halitauzwa, akaambiwa haiwezekani, akaishtaki halmashauri ya Wakefield. Novemba 2001 Mahakama Kuu ikasema kuuza daftari kwa biashara bila kumpa mtu nafasi ya kukataa ni kinyume cha haki zake za faragha na cha haki yake ya kupiga kura. Mwaka uliofuata kanuni zikabadilishwa, daftari likawa na sura mbili. Kisanduku unachokiona kwenye fomu yako kimetokana na kesi ya mtu mmoja.

Sasa lile la uhamiaji, ambalo najua ndilo lililomfanya mwenzenu aishike bahasha kwa ncha za vidole. Nitalisema lote, hata lile lisilopendeza. Kujiandikisha kupiga kura hakufanyi fomu yako ipelekwe uhamiaji kama utaratibu wa kawaida. Lakini afisa akiwa na shaka kama mtu ana haki, anaweza kumtaka alete ushahidi wa uraia wake, na anaweza kuiuliza Wizara ya Mambo ya Ndani kama mtu huyo ana ruhusa ya kukaa nchini. Tena idara za serikali zinaweza kupata daftari kamili kwa kazi ya kuzuia na kugundua uhalifu. Anayekuambia kwamba daftari na serikali havikutani kamwe anakudanganya.

Kwako wewe, mwenye viza hai, hilo halikupunguzii kitu. Wizara iliyokupa viza inakujua kuliko Afisa Mwandikishaji atakavyowahi kukujua. Ila kama kuna ndugu au rafiki humo ndani ambaye ruhusa yake imekwisha, huyo hana haki ya kuandikishwa, na akijaza fomu kwa kudai anayo, anatia saini tamko la uongo. Asijaze, na msimwandikishe kwa nia ya kumsaidia apate jina kwenye daftari ili akope. Nimewaona watu wema wakimtumbukiza ndugu kwenye tatizo kubwa kwa njia hiyo. Anachohitaji ni mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa, tena mapema.

Ukishaandikwa, uchaguzi wenyewe nao huzalisha taarifa nyingine, na hizo watu hawaziulizii. Siku ya kura, mtumishi wa kituo hukata mstari kwenye jina lako baada ya kukupa karatasi. Orodha hiyo iliyotiwa alama hutunzwa mwaka mmoja, na vyama vinaweza kuinunua. Inaonyesha kwamba ulipiga kura. Haionyeshi ulimpa nani. Utaona pia karatasi ya kura ina namba nyuma, na mtumishi anaandika namba yako ya mpiga kura kwenye orodha kando ya namba ya karatasi. Wengi wetu tuliotoka nchi ambazo siri ya kura tunaishuku tunapoliona hilo moyo unapiga. Namba zile zipo ili mahakama iweze kufuatilia kura ikithibitika kulikuwa na wizi. Karatasi na orodha hufungwa kwa lakiri katika vifurushi tofauti, hakuna anayezifungua bila amri ya mahakama au ya bunge, na baada ya mwaka huharibiwa.

Tangu Mei 2023 ni lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha unapopiga kura kituoni. Pasipoti yako ya Tanzania inakubaliwa, kwa kuwa pasipoti za nchi za Jumuiya ya Madola zimo kwenye orodha, hata ikiwa muda wake umekwisha, mradi picha bado inafanana nawe. Mtumishi anaitazama na kukurudishia, hatoi nakala. Kama unavaa nikabu, una haki ya kutazamwa faraghani, na unaweza kuomba mtumishi mwanamke. Asiye na kitambulisho chochote anaweza kuomba cheti cha bure kupitia afisa yule yule wa halmashauri, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza atampa picha yake.

Kura ya posta inataka zaidi: sahihi na tarehe ya kuzaliwa hutunzwa, ili bahasha ikirudi vilinganishwe. Usimpe mtu wa chama bahasha yako iliyojazwa akupelekee. Itie posta mwenyewe.

Nje ya kituo utamkuta mtu amevaa beji ya rangi ya chama, anakuuliza namba yako ya mpiga kura kwa upole kama vile ni sehemu ya utaratibu. Huyo si mtumishi wa uchaguzi, ni mtu wa chama anayehesabu nani kati ya wafuasi wao amekuja. Hulazimiki kumjibu. Vivyo hivyo anayebisha hodi wiki mbili kabla na kuuliza utamchagua nani: jibu lako linaingia kwenye kumbukumbu za chama, na kumbukumbu hizo halmashauri haina mamlaka nazo. Ukitaka kujua chama kimeandika nini kukuhusu, kiulize chama. Ukitaka kiache kukutumia barua za kampeni kwa jina lako, kiandikie kwamba unakataa. Hiyo ni haki isiyo na mjadala.

Je, taarifa hizi ziko salama? Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi ya uchaguzi ya halmashauri moja, na nililoliona ni kwamba hatari ya kila siku ni uchovu kuliko wizi. Wiki tatu kabla ya uchaguzi watumishi wachache wanafanya kazi mpaka usiku. Jioni moja orodha ya wapiga kura wa posta iliambatanishwa kwenye barua pepe ya mtu asiyehusika. Tuliripoti ndani ya saa 72 kama sheria inavyotaka, mpokeaji akafuta, mambo yakaisha. Lakini sikuweza kulala vizuri siku zile, kwa sababu humo mlikuwa na majina ya watu niliowajua.

Wizi mkubwa nao umetokea, si kwenye halmashauri bali kwenye Tume ya Uchaguzi ya Uingereza, ambayo hupewa nakala za madaftari. Wadukuzi waliingia kwenye mifumo yake Agosti 2021, wakagunduliwa Oktoba 2022, na umma ukaambiwa Agosti 2023. Walifikia majina na anwani za watu wapatao milioni 40. Kamishna wa Taarifa, anayesimamia sheria ya kulinda taarifa binafsi, aliikaripia Tume rasmi mwaka 2024 kwa kutoweka marekebisho ya usalama yaliyokuwa yamekwisha kutolewa na kwa nywila dhaifu. Waliojiandikisha kwa siri hawakuwemo kwenye nakala zile, na kwao hilo lilikuwa kubwa mno.

Nao hao ni akina nani? Kama kuna mtu anayekuwinda, mume wa zamani mwenye kipigo au ndugu wanaotaka kumwoza binti kwa nguvu, unaweza kuandikishwa bila jina wala anwani kuonekana. Kwenye daftari inabaki namba na herufi N tu. Unahitaji ushahidi: amri ya mahakama ya kukulinda, au barua ya mtu ambaye sheria inamtambua, mfano daktari, muuguzi, meneja wa nyumba ya hifadhi, au polisi kuanzia cheo cha inspekta. Uandikishaji huo hudumu miezi 12, kisha unaomba tena. Hofu pekee haitoshi, na naona hapo sheria bado ni ngumu kwa wanawake ambao hawajawahi kumwambia mtu yeyote yanayowapata. Anza na daktari wako wa mtaa.

Haki zako nyingine ni hizi. Unaweza kumwomba Afisa Mwandikishaji nakala ya kila alichonacho kukuhusu, bure, naye anatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Likikosewa jina, unadai lisahihishwe, na fanya hivyo, maana jina lililoandikwa vibaya ndilo linalokwamisha mikopo. Kufutwa kabisa ukiwa bado unaishi hapo ni vigumu, kwa sababu afisa hatunzi taarifa zako kwa ridhaa yako bali kwa kazi aliyopewa na sheria. Anayetakiwa rasmi kujiandikisha na akakataa bila sababu anaweza kutozwa pauni 80. Ukiona afisa amekosea na hakusikilizi, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Taarifa, ile wanayoiita ICO.

Kwa hiyo kaeni wanne leo jioni. Anayejaza fomu aulize kila mmoja uraia wake na aandike wale wenye haki tu. Isainiwe, irudishwe. Wewe jiandikishe mwenyewe kwenye simu yako, huku pasipoti na namba ya bima viko karibu ili majina uyaandike kama yalivyo, na ukifika kwenye swali la daftari la wazi, jibu kwamba hutaki. Uchaguzi ukitangazwa, mwisho wa kujiandikisha huwa siku 12 za kazi kabla ya kura. Ukipata shida kwenye majina, niandikie tena, na unitajie pasipoti imeandikwaje na namba ya bima imeandikwaje, bila kunitumia namba zenyewe.